Kina Oldroyd wa Kamukuywa

Mimi ni mtu wa fomu. Tangu niwe naibu mwalimu mkuu katika shule yetu hapa Kitale, hakuna fomu inayotoka kwa wakubwa bila kupitia mikononi mwangu. Walimu wenzangu huacha nafasi wazi na kusema watajaza baadaye. Mimi nafasi iliyo wazi hunikera, hunikosesha usingizi. Nasema haya mapema usije ukaanza kunionea huruma. Yaliyotupata yalianzia kwenye nafasi moja ambayo ningeweza kuiacha wazi.

Barua pepe ilitoka kwa mwanamke wa Uingereza anayeitwa Marjorie Oldroyd. Aliniambia ni mwalimu mstaafu, mumewe ameshafariki, na kazi yake siku hizi ni kuhesabu kila mtu duniani mwenye jina lao la ukoo. Nilicheka. Kwetu kazi kama hiyo ungeipata kwa mtu asiye na shamba la kupalilia. Alikuwa ameona picha niliyoweka Facebook, ya ndugu yangu mdogo amesimama kando ya kisima alichomaliza kuchimba, na chini nimeandika jina lake lote kwa majivuno: Hillary Oldroyd Wekoye. Akauliza kwa adabu: je, jina hilo lilifikaje Bungoma?

Akanieleza la kwao. Zamani sana, alisema, katika lahaja ya jimbo la Yorkshire, neno la mwisho la jina hilo lilikuwa na maana ya mahali palipofyekwa msitu. Basi Oldroyd ni mtu wa pale palipofyekwa zamani. Miaka mia moja na arobaini iliyopita karibu wote walikuwa bado katika jimbo hilo moja, hawajaenda mbali na magogo yao. Baadaye wakaanza kutawanyika, Australia, Marekani, Kanada, kila mahali palipokuwa na ardhi ya kufyeka. Mwisho wa barua kulikuwa na fomu: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, sababu ya kifo kama inajulikana. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: idadi ya walio hai sasa.

Nilijaza siku ya Alhamisi, nikiwa nyumbani kwangu Matisi, chai ya jioni mezani. Nilijua machache. Babu yetu Wekoye alifanya kazi kwenye shamba la mzungu wa jina hilo, upande wa Mlima Elgon. Mzungu alifariki mwaka wa 1952. Mwaka huohuo babu akapata mtoto, akamwita Oldroyd. Mtoto huyo alichukuliwa na mto Kamukuywa, ulioko kwetu Bungoma, mwaka wa 1964, akiwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huo akazaliwa kitindamimba wa babu, naye akaitwa Oldroyd. Huyo namkumbuka. Alinitengenezea gari la waya lenye usukani mrefu. Alianguka kutoka kwenye lori la mahindi mwaka wa 1981, nikiwa na miaka minane. Wiki tatu baada ya mazishi akazaliwa ndugu yangu Hillary, akapewa jina.

Sasa walio hai ni wangapi? Mmoja. Nikaitazama hiyo moja, nikaona aibu. Huyu mama ana maelfu kwao, nasi tunampelekea mtu mmoja, tena baada ya miaka sabini na miwili! Na Jumanne ya wiki hiyo mke wa Hillary, Nanyama, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu. Wazungu humwandikia mtoto jina la baba hata kabla kitovu hakijakatika. Nikajiambia, fomu ni yao, basi na desturi iwe yao. Nikaongeza mstari: Oldroyd, mvulana, amezaliwa Jumanne, Kamukuywa. Chini nikaandika: wawili. Nikatuma saa kumi jioni, nikamalizia chai yangu.

Ni lazima nikueleze nilichofanya, maana mtu wa kwingine hawezi kuona kosa liko wapi. Kwetu jina halipiti kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto hivihivi. Jina huja na aliyekufa. Mtoto mchanga akilia asinyamaze, au akikataa ziwa, senge, yaani shangazi yake wa upande wa baba, humpakata na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomtuliza akashika ziwa ndilo lake. Aliye hai hatajwi. Kumtaja aliye hai ni kumwambia ahame apishe. Na katika nyumba ya Hillary senge ni mimi, hakuna mwingine. Nilikuwa nimemtajia mtoto jina la baba yake aliye hai, kwa kalamu badala ya mdomo, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi.

Ijumaa asubuhi Nanyama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Senge, mtoto hanyonyi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana, kama saa kumi hivi. Alikuwa tu sawa. Akaachilia ziwa, akaangalia mlango. Mpaka saa hii hataki."

Walimpeleka kliniki. Daktari alimpima mwili mzima asione kitu. Homa hakuna, mdomo safi, kifua safi. Walimpa maziwa kwa kijiko, akayaacha yamtiririke shingoni. Wakaambiwa wakiona hali haijabadilika wampeleke hospitali kubwa. Mimi nilikaa ofisini, saa kumi imenikaa kichwani kama kengele.

Jumamosi nilitoka Matisi mapema, nikapita Kipsongo, nikashika barabara ya Webuye katika gari langu dogo. Mahindi pande zote mbili yalikuwa mabichi, mazuri, wala sikuyafurahia. Nilipofika nilimkuta Hillary uani, amejifunga kamba kiunoni, anachungulia kisima alichokuwa akiwachimbia nyumbani mwishowe, baada ya kuwachimbia majirani wote. Ile kamba ya nailoni ya samawati ndiyo ilikuwa maisha yake. Ncha moja aliifunga kwenye kisiki cha mkaratusi, nyingine kiunoni. Hakuwahi kusogelea mdomo wa kisima bila kamba, hata kutupa jiwe tu.

"Futi arobaini na moja, dada," alisema, akiifungua kamba kiunoni. "Maji bado, lakini udongo umeanza kulowa. Si uingie ndani umwone mwanaume mwenzangu. Ati anatugomea!"

Alijaribu kucheka. Macho yalikuwa mekundu.

Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yetu, Agneta. Siku nne tu duniani na uso wake ulikuwa umeanza kujikunja kama wa mzee. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa ametulia, macho wazi, anangoja.

Nikampakata. Nanyama akakaa karibu yangu, ziwa tayari. Nikaanza na Wekoye, babu yetu. Mtoto akageuza uso kabisa, kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikamtaja baba yetu. Nikawataja ndugu za baba, na wazee wa juu yao ambao majina yao nilifundishwa nikiwa msichana. Nikavuka kwenda kwa wajomba. Nikataja hata mlevi mmoja wa ukoo ambaye hakuna aliyewahi kutaka arudi. Majina ishirini na matatu. Kila jina Nanyama alimsogezea ziwa, na kila mara mtoto alibana midomo.

"Mmemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Iko moja." Akamwangalia Hillary, aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akainamisha kichwa. "Nilitaka nikufe na hii maneno. Mama mkwe wangu aliniambia nikiwa na mimba ya Hillary."

Akatuambia. Mzungu yule alipopata shamba, aliwakuta watu wanaishi msituni. Akachoma nyumba zao, akafyeka miti, na waliobaki akawaandika kazi ya kung'oa visiki. Wekoye, ambaye nyumba yake ilikuwa mojawapo, akaandikwa achimbe kisima. Siku moja mzungu hakuamini kwamba maji bado, akashuka mwenyewe kuangalia. Aliyeshika kamba juu alikuwa babu. Ukuta wa kisima ukaporomoka, kamba ikamtoka mzungu mkononi, udongo ukamfunika mpaka kifuani, na maji yakaanza kupanda.

"Alimwita babu yenu jina," mama alisema. "Wekoye! Wekoye, kamba! Babu yenu alikuwa ameivuta juu yote. Akaikunja, akaikalia. Hakuitika. Mzungu aliita mpaka akanyamaza. Watu wakirudi, babu yenu akasema yeye alikuwa mbali na ng'ombe, hajaona kamba, hajasikia mtu. Mwezi uliofuata mtoto wake akazaliwa, akakataa ziwa. Wakaita majina yote. Senge wa wakati huo akachoka, akataja ya mzungu kama mchezo. Mtoto akanyonya."

Nanyama alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nahesabu. Elfu moja mia tisa hamsini na mbili, sitini na nne, themanini na moja. Nilikuwa nimeziandika tarehe hizo kwa mkono wangu mwenyewe, safu kwa safu, na sikuziona. Walikuwa watatu, na hakuna siku hata moja ambayo wawili walikuwa hai pamoja.

"Hatutaji," nikasema. "Tunampeleka hospitali kubwa sasa hivi. Watamwekea mpira wa puani, atakula."

"Hata Oldroyd wa kwanza walimpeleka hospitali ya misheni," mama alisema. "Walimrudisha."

Hapo nikawaambia kuhusu fomu. Nilisema yote, na ile wawili yangu, na saa kumi. Nilitamani Hillary anitukane. Angenipiga ningemshukuru. Badala yake alikuja akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yamejaa udongo wa kisima, akamshika mtoto kidole.

"Dada, wewe ni mwalimu. Mimi niko na miaka arobaini na tatu. Nimekula, nimeoa, nimeona watoto. Huyu ako na siku nne. Hiyo ni hesabu gani ya kukushinda?"

"Hillary, usiniambie hivyo."

"Na hizi vitu labda ni hadithi tu. Wewe ita. Akinyonya, tumepona. Mimi nikifa, si kila mtu hufa bana?"

Nanyama alianza kulia, wala hakusema nitaje wala hakusema nisitaje. Nisingeweza kumlaumu kwa lolote. Nilimwinamia mtoto mpaka pua yangu ikagusa paji lake la uso, nikalitaja jina kwa sauti ndogo kabisa niliyoweza, kana kwamba mwenye kusikia asingesikia.

Alishika ziwa kabla sijanyanyua kichwa. Alinyonya kwa pupa mpaka Nanyama akapiga yowe la maumivu. Majirani waliokuwa wamekaa nje walipiga vigelegele. Hillary alicheka, safari hii kweli, akainuka akacheza hatua mbili tatu. Mama alijifunika uso kwa leso na hakuitoa mpaka nilipoaga.

Sasa nifuate vizuri, maana hapa ndipo nilipojiona mwerevu. Kama jambo lilianzia kisimani, nilijiambia, litataka kumalizikia kisimani. Ndugu yangu hashuki bila kamba. Akiikosa kamba, hatashuka. Hillary alikuwa ndani, amempakata mwanawe. Nikaenda kwenye kisiki cha mkaratusi, nikafungua fundo, nikaikunja kamba ile nzito ya samawati, nikaitia kwenye buti ya gari na kuifunika kwa gunia. Hakuna aliyeniona; majirani walikuwa wameingia ndani kumwona mtoto. Niliendesha kurudi Kitale nikihisi nimemshinda mtu fulani.

Jumapili jioni Hillary alinipigia.

"Dada, hukuona kamba yangu? Watoto wanasema hawajui."

"Sijaiona," nikasema. Neno lilitoka laini, bila kukwaruza mahali popote. "Mimi nilikuwa ndani na mtoto muda wote."

"Haya. Labda kuna mtu ameiuza akakunywa pombe. Nitapumzika basi mpaka nipate ingine. Huyu Oldroyd wangu anakula kama fisi, ungemwona!"

Nililala usingizi mzito usiku huo. Mvua kubwa ilinyesha hata sikuisikia.

Jumatatu, saa nne na nusu, watoto wakiwa mapumziko, nilifungua barua pepe chini ya mti wa jakaranda pale tunapoegesha magari. Marjorie alikuwa amejibu. Alishukuru. Alisema katika miaka yake yote hajaona jina lililokaa mahali pamoja kwa miaka sabini na miwili likiwa na mtu mmoja tu, likisubiri mmoja aondoke ndipo lichukue mwingine. Akasema ilimsisimua kidogo, akaomba radhi kwa kusema hivyo. Na sasa ni wawili, aliandika. Hongereni sana, hatimaye mnaongezeka.

Simu ikaita ningali nasoma. Ilikuwa Nanyama.

"Senge! Senge, kamba iko wapi?"

"Kuna nini?"

"Kisima kimelowa na mvua. Alikuwa anataka tu kuweka mabati juu, ati watoto wasianguke. Alisimama hapo pembeni, udongo ukakatika. Ako chini! Ako hai, anaongea. Ni siku ya soko, wanaume wote wameenda. Nimeunganisha kamba za ng'ombe, zimekatika. Anaita kamba, senge. Wewe ulikuwa hapa Jumamosi. Uliiona?"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia. Sauti ilitoka mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Alikuwa akiniita mimi. Labda mkewe alimwambia anazungumza na nani. Phelista! Phelista, kamba! Alisema mara tatu au nne, bila hasira, kama mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili.

Nilikuwa nimeegemea buti ya gari langu. Kamba ilikuwa humo, chini ya gunia, hatua moja kutoka mkononi mwangu na kilomita zaidi ya thelathini kutoka mkononi mwake. Ilinibidi niseme kitu. Nilifungua mdomo nimjibu, na kilichotoka ni kile kilichokuwa tayari kimeshazoea njia.

"Sijaiona," nikasema. "Nakuja."

Sikumbuki barabara. Nakumbuka lori la miwa lililokataa kunipisha baada ya Kiminini, na jinsi nilivyopiga honi mpaka ikakatika sauti. Nilipoingia uani watu walikuwa wamejaa. Wanaume wa sokoni walikuwa wamefika na kamba zao, tatu, ndefu, nzuri kabisa, zimelala kwenye majani zikiwa zimelowa. Hakuna aliyekuwa anaita. Kisima kilikuwa kimepata maji.

Mama alinitazama nikishuka garini. Alitazama mikono yangu, kisha akatazama buti, kisha akageuka akaingia ndani. Hajawahi kuniuliza, wala mimi sijamwambia. Nanyama anaamini kamba iliibwa na vijana fulani wa mtaa wa pili, na kuna mmoja wao aliyepigwa karibu kufa kwa ajili hiyo. Nilikuwepo. Nilinyamaza.

Kamba bado iko kwenye buti. Nimeshindwa kuitupa na nimeshindwa kuitoa. Mtoto ana miezi minne sasa, mnene, mwenye afya, na wanasema anafanana na mimi machoni. Kila nikimtembelea wananipa nimpakate, maana mimi ndiye senge. Nikimpakata hugeuza kichwa, akatazama gari langu pale nje mpaka niondoke.

Leo nimemwandikia Marjorie kumrekebishia fomu. Kwenye mstari wa Hillary nimeweka mwaka. Kwenye walio hai sasa nimefuta wawili, nimeandika mmoja. Halafu nikarudi kwenye safu ile nyingine, sababu ya kifo kama inajulikana. Nimekaa mbele yake tangu saa mbili mpaka chai ikapoa, mimi mtu wa fomu, nikaiacha wazi.